Msafiri na Yatima wa Njiani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mlezi wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyezaliwa na baba yake amekwisha kuzikwa ugenini.

Amma baad. Limetufikia suala kutoka kwa msomaji wetu mmoja wa Mombasa, mfanyaji biashara wa kwenda na kurudi Nairobi. Asema kuwa kwa miaka mingi amekuwa akipita Athi River bila ya kushuka, mpaka lori lililopakia bidhaa zake likamharibikia hapo, naye akalazimika kukaa siku mbili akingojea chombo kupatikana. Katika siku hizo mbili aliswali na watu wa hapo, akala nao, na akawaona watoto waliofiwa na baba zao wakishinda vibarazani mwa majirani ambao nao hali zao ni dhaifu. Amerudi kwake na jambo hilo halimtoki moyoni. Sasa amekusudia kuwajengea nyumba ya mayatima, na anatuuliza: Je, ajenge huko au ajenge kwao Mombasa? Je, yafaa kutumia zaka yake katika ujenzi huo? Na je, nia iliyomjia mtu safarini ni ya kutegemewa, au ni huruma ya njiani tu, humtoka mtu afikapo kwake na kukumbatiwa na wanawe?

Suala hili la mwisho ndilo tutakaloanza nalo, maana mawili ya mwanzo yanalitegemea.

Kwanza na tuujue mji wenyewe, kwani wengi wetu watu wa pwani twaujua kwa dirisha la gari. Athi River uko katika Kaunti ya Machakos, kadiri ya kilomita 30 kabla ya kuingia Nairobi kwa mtu atokaye Mombasa. Wenyeji wake Wakamba huuita Mavoko. Reli ilipita hapo ikienda Nairobi mwaka 1899, na treni mpya iliyoanza mwaka 2017 nayo ina kituo hapo. Barabara ya kwenda Namanga na Arusha huachana na ya Mombasa hapo hapo, basi mtu wa Moshi na mtu wa Mombasa hukutana kabla ya kuiona Nairobi. Halmashauri ya Nyama ya Kenya iliundwa mwaka 1950 na machinjio yake makuu yakawa hapo; kiwanda cha saruji cha East African Portland kikaanza kazi hapo mwaka 1958; na baada ya sheria ya mwaka 1990 likafunguliwa eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nchi za nje, ambalo watu huliita kwa herufi zake, EPZ, ambamo maelfu ya watu, na wengi wao ni wanawake, hushona nguo zinazovaliwa Marekani.

Nimeyataja haya kwa sababu ndiyo yanayomfanya yatima wa Athi River awe si sawa na yatima wa Mji wa Kale. Mji ule umekua kwa kuhamiwa. Fundi wa saruji huenda ametoka Siaya, mshonaji ametoka Kitui, mchinjaji ametoka Garissa, na mwenye duka ametoka kwetu. Kila mmoja amepanga chumba, na kodi ya chumba hulipwa mwisho wa mwezi. Huku kwetu mtoto akifiwa na baba, yuko ami, yuko mjomba, yuko shangazi, yuko nyanya, na uko mtaa mzima unaomjua ni mtoto wa nani. (Sisemi kuwa mambo ya kwetu bado ni kama yalivyokuwa zamani, mwenye kudhani hivyo na azunguke mitaa yetu baada ya swala ya Ijumaa atazame ni nani wanaonyosha mikono.) Lakini kule baba akifa, maiti husafirishwa kwenda kuzikwa kwao, majirani huchanga nauli, na baada ya siku arubaini mjane amebaki na watoto wake katika chumba ambacho mwenyewe anadai kodi. Jamaa wako, lakini wako mbali ya siku nzima ya safari, na wao nao wana yao.

Haya huyaona nani? Jirani huyaona kila siku, na jambo linaloonekana kila siku huacha kuonekana. Mgeni huyaona siku ya kwanza. Ndiyo maana Qur'ani imewaamrisha watu mara nyingi watembee katika ardhi watazame, na katika Suratul Hajj kutembea huko kumefungamanishwa na kuwa na nyoyo za kufahamia, ili ijulikane kuwa si kila mwenye kutembea ametazama, wala si kila mwenye kutazama amefahamu. Basi nia iliyozaliwa safarini si ya kudharauliwa. Kheri nyingi zilizosimama leo zilianzia njiani.

Tena yatima na safari ni vitu vilivyokaribiana zaidi kuliko tunavyodhani. Msome Mtume wetu mwenyewe. Baba yake, Abdallah, alikwenda Sham katika biashara, na katika kurudi akashikwa na maradhi Yathrib, akafa huko kwa watu wa ukoo wa nyanyake. Mama yake, Amina, alimchukua mwanawe akiwa wa miaka sita kwenda kuzuru Yathrib, na katika kurudi naye akafa, akazikwa Abwaa. Basi mtoto huyu alifiwa mara mbili, na mara zote mbili ni njiani. Aliyembeba kutoka Abwaa mpaka Makka ni mwanamke mtumwa, Baraka, tuliyemjua baadaye kwa jina la Ummu Ayman. Hakuwa na mali wala hakuwa na ukoo. Alikuwa na yakini moja tu, kwamba mtoto huyu ana babu na yapasa afikishwe kwake. Akafikishwa kwa Abdul Muttalib, na babu alipokufa miaka miwili baadaye akachukuliwa na ami yake Abu Talib, mtu mwenye watoto wengi na mali kidogo. Mtume aliyakumbuka hayo mpaka utu uzima wake, na Ummu Ayman akimheshimu kama mama.

Nawaomba wasomaji wasilipite jambo hili mbio. Msafiri aliyemkuta yatima njiani, jambo la kwanza alilolifanya ni kumtafutia jamaa zake.

Na itazameni Hijra. Mtume (S.A.W.) alipoingia Madina mwaka 622, amechoka na safari, ngamia wake alipiga magoti katika kiwanja cha kuanikia tende kilichokuwa mali ya watoto wawili mayatima, Sahl na Suhail. Watoto wale walitaka kukitoa bure kwa ajili ya msikiti. Hakukubali ila kwa kulipa thamani yake. Hakusema kuwa msikiti ni kheri kubwa na watoto hawa watapata thawabu. Alihakikisha kwanza haki ya mayatima, kisha ndipo msingi ukachimbwa. Sisi leo, kwa jina la mayatima, huchanga fedha tukajenga kuta, na kuta zikala fedha yote.

Sasa na tuje katika zama zetu, tuwatazame watu ambao safari iliwaamsha.

Mashuhuri wao katika Waislamu ni Daktari Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait, aliyezaliwa mwaka 1947. Alisomea utabibu Baghdad, kisha akazidisha elimu Liverpool, Canada na London, akarudi kwao kufanya kazi hospitalini. Mwaka 1981 alifika Malawi kwa ajili ya msikiti ambao mfadhili mmoja wa Kikuwait alitaka ujengwe Afrika. Alikwenda kwa ajili ya jengo. Alichokikuta ni watu: Waislamu wasiokuwa na mwalimu, wagonjwa wasiokuwa na dawa, na watoto wasiokuwa na wa kuwaangalia. Kutokana na safari ile ikaundwa kamati kwa ajili ya Waislamu wa Malawi, kamati hiyo ikakua ikawa Africa Muslims Agency, na tangu mwaka 1999 yajulikana kwa jina la Direct Aid. Imechimba visima, imefungua shule na hospitali, na imewakimu maelfu ya mayatima katika nchi nyingi za Afrika, na Kenya yetu ni mojawapo.

Lakini si hayo ninayotaka kuyasimulia. Ninalotaka kulisimulia ni kuwa yule daktari hakutosheka kuona mara moja na kutuma fedha kutoka mbali. Aliiacha kazi ya hospitali, akarudi Afrika tena na tena, na mwisho yeye na mkewe wakahamia Manakara katika kisiwa cha Madagascar, wakakaa na watu. Mwaka 1996 alipotunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu, fedha zake alizielekeza katika kuwasomesha watoto wa Afrika. Alifariki Agosti 2013, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nia ya safarini kwake haikuwa huruma ya njiani, na dalili yake ni kwamba ilimgharimu makazi yake.

Wa pili ni mtu wa Machakos, na si wa dini yetu, lakini wema husemwa kwa mwenyewe. Charles Mulli alitupwa na wazazi wake akiwa mtoto mdogo, akakua kwa kuomba chakula, na alipokuwa kijana akatembea kwa miguu kwenda Nairobi kutafuta kazi. Mwenyezi Mungu akamkunjulia, akawa tajiri wa mabasi Eldoret. Mwaka 1986 alikwenda Nairobi kwa shughuli zake, akaegesha gari, na watoto wa barabarani wakamwomba chochote wamlindie. Akawakatalia. Aliporudi, gari halipo. Alipanda basi kurudi kwake, na katika safari ile hakuwaza gari. Aliwaza wale watoto, kwamba yeye naye alikuwa mmoja wao. Jambo hilo lilimkaa kifuani kadiri ya miaka mitatu, mpaka mwaka 1989 alipoacha biashara na kuanza kuchukua watoto nyumbani kwake. Baadaye kazi yake kubwa aliihamishia Ndalani, upande wa Yatta, katika kaunti hii hii ya Machakos, na akaweka kilimo ili watoto wale wasitegemee sahani ya sadaka peke yake. Tazama: miaka mitatu. Msafiri wetu ana miezi michache tu tangu lori lake kuharibika. Asione haya kungoja.

Na watatu ni vijana, si mtu mmoja. Young Muslim Association ya Nairobi, jumuiya ya vijana wa Kiislamu iliyoundwa katika miaka ya 1960, iliyatazama mashaka ya watu wa kaskazini mashariki baada ya vita vya shifta, na mwishoni mwa miaka hiyo ikaanzisha makao ya watoto wa Kiislamu Garissa. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 350 kutoka Nairobi, na barabara ya wakati ule wanaijua walioipita. Wangeweza kuwaleta watoto wale Nairobi, karibu na nyumba zao na karibu na wafadhili. Waliona ni bora watoto wakae katika nchi yao, wasikie lugha yao na waonane na jamaa zao. Hilo latosha kuwa jawabu la nusu ya suala la kwanza: kheri iwekwe alipo yatima, isiwekwe alipo tajiri. Kumtoa mtoto Athi River kumleta Mombasa ni kumfanya yatima mara ya pili.

Nusu ya pili ya suala ni ngumu zaidi, nayo ni hii: Je, ajenge?

Hapa yapasa tuseme wazi, hata kama baadhi ya wafadhili hawatapenda. Kitu kinachomjia msafiri mbele ya macho ni mtoto, na mara tu amwonapo mtoto hufikiri kitanda. Kitanda hutaka chumba, chumba hutaka ukuta, na ukuta hutaka lango lenye jina. Hamwoni aliye nyuma ya mtoto. Katika sharia yetu yatima ni nani? Ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Hakuna katika tarifu hiyo sharti ya kufiwa na mama. Basi yatima wetu wa kawaida ni mtoto mwenye mama aliye hai, naye mama huyo yumo katika chumba cha kupanga, au yuko kiwandani mbele ya cherehani. Jamii ya Save the Children katika taarifa yake ya mwaka 2009 ilieleza kuwa watoto wanne angalau katika kila watano waliomo katika nyumba za mayatima duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Mtu asiyejua sharia akisoma hivyo atasema, kumbe hao si mayatima. Sisi tutasema: wengi wao ni mayatima khasa, ila wametolewa mikononi mwa mama zao, na sababu iliyowatoa si kufa kwa mtu bali ni umasikini.

Je, ni dini kumwambia mjane, "Nipe mwanao nimlishe," ilhali tungeweza kumpa yeye akamlisha? Kila mwenye kusoma hadithi anajua kuwa Mtume (S.A.W.) amemweka mwenye kumhangaikia mjane na masikini katika daraja ya mwenye kupigana jihadi. Hakumtenganisha mjane na mwanawe, sisi tusiwatenganishe.

Serikali nayo imelifikia jambo hili kwa njia yake. Mwaka 2004 ulianzishwa mpango wa kuzipa fedha nyumba zinazolea mayatima na watoto wenye dhiki, na miongoni mwa mahali pa mwanzo kujaribiwa ni Kwale na Garissa. Kiasi chake kikafikia shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba moja. Ni fedha chache, lakini fedha hizo hizo ndizo zinazomzuia ami kusema, "Mtoto huyu siwezi." Novemba 2017 ukasimamishwa usajili wa nyumba mpya za kulelea watoto nchini Kenya. Mwaka 2022 ukatangazwa mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika malezi ya jamaa, na mwaka huo huo ikapitishwa Sheria mpya ya Watoto. Basi mwenye kukusanya fedha leo kujenga nyumba ya mayatima bila ya kwanza kwenda kwa afisa wa watoto anajenga juu ya mchanga, na huenda akajikuta amevunja sheria kwa nia njema. Nia njema haimhalalishii mtu kuwachukua watoto wa watu.

Katika Sheria hiyo ya mwaka 2022 mna jambo la kutufurahisha ambalo Waislamu wengi hawalijui: kafala imetajwa humo kwa jina lake. Kafala ni Mwislamu kumchukua mtoto aliyekosa malezi ya wazazi, akamlisha, akamvisha na akamsomesha kama wanawe, pamoja na mtoto kubaki na nasaba yake. Haiwi kama ule utaratibu wa kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kwa jina na kwa urithi, ambao Suratul Ahzab iliukomesha kwa kuamrisha watoto waitwe kwa baba zao, na Zaid, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, akarudi kuitwa Zaid bin Haritha. Mlezi akitaka kumwachia mtoto wa kafala kitu baada ya kufa kwake, mlango uko wazi: amuusie katika thuluthi ya mali yake. Kwa hivyo wale wanaosema kuwa Uislamu unakataza kumchukua mtoto yatima nyumbani wamesikia nusu ya hukumu wakaacha nusu. Kilichokatazwa ni kumnyang'anya jina la baba yake.

Kuna na jambo jingine katika Athi River ambalo msafiri hawezi kuliona kwa siku mbili, wala kwa siku ishirini, ila akiuliza. Baba wa watoto hawa wengi walikuwa wafanya kazi. Mtu akifa kwa ajali ya kazini, Sheria ya Mafao ya Wanaodhurika Kazini ya mwaka 2007 imewawekea wategemezi wake haki. Akiwa alikuwa akikatwa mshahara kwa ajili ya Hazina ya Hifadhi ya Jamii, warithi wake wana haki humo pia. Fedha hizo ni mali ya mayatima, na mwanzo wa Suratun Nisaa umejaa makatazo juu ya mali hiyo: isile, isichanganywe na yako, isibadilishwe kibaya kwa kizuri, na siku ya kukabidhiwa mwenyewe pawe na mashahidi. Sisi tunapoyasoma makatazo haya huyafahamu kuwa yanamhusu ami dhalimu tu. Je, mali ikilala ofisini kwa sababu mjane hajui kusoma fomu, au hana cheti cha kifo, au hana nauli ya kwenda na kurudi mara nne, nasi jamaa wa msikitini tunajua na tumenyamaza, mali hiyo imepotezwa na nani? Mtu mmoja mwenye kujua kuandika, akikaa na wajane asubuhi moja kila wiki akawajazia karatasi zao, huenda akawapatia mayatima zaidi ya mchango wa msikiti mzima. Na kazi hiyo haitaki matofali.

Tuje katika zaka. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kauli yenye nguvu ni kuwa zaka haihamishwi kutoka mji iliomo mali ikiwa katika mji huo wamo wenye kustahiki, nao Mombasa wamo, tena wengi. Wako wanavyuoni walioruhusu kuihamisha panapokuwa na haja kubwa zaidi au jamaa wa mtoaji, na hitilafu hiyo ni ya zamani. Mimi sioni vibaya kwa mtu kuifuata kauli yao akiwa na yakini ya haja hiyo. Lakini kujenga nyumba kwa fedha ya zaka ni suala jingine, na hapo jamhuri ya wanavyuoni hawaruhusu, kwa kuwa zaka hupewa mtu akaimiliki, na ukuta haumiliki. Tena uyatima peke yake si katika mafungu manane. Yatima hupewa zaka kwa kuwa ni fakiri au masikini. Yatima aliyeachiwa majumba hapewi, bali katika madhehebu yetu yeye ndiye hutolewa zaka katika mali yake, na walii wake hutakiwa aifanyie biashara isije ikaliwa na zaka hiyo. Kwa hivyo msafiri wetu na aiache zaka yake Mombasa. Ya Athi River na iwe sadaka, ambayo haina mpaka wa mji.

Na sadaka gani? Hapa narudi kwenye ile kodi ya chumba. Dhiki ya mjane wa Athi River huja kila mwisho wa mwezi, na sadaka ya msafiri huja apitapo. Vitu viwili hivi havikutani. Ndugu yetu ameandika pia kuwa alitaka nyumba ile iitwe kwa jina la marehemu baba yake. Basi ikiwa anayo duka au chumba cha kupangisha Mombasa, na akiandike wakfu kwa nia ya baba yake, kodi yake iende kila mwezi kulipa kodi za wajane wa Athi River, mlezi wa kuwaangalia watoto wadogo wakati mama zao wako kiwandani, na mwalimu wa chuo. Duka hulipa kila mwezi, na chumba hudaiwa kila mwezi. Hapo ndipo vinapokutana. Thawabu humfikia baba yake bila ya kibao chochote, na mtoto hatakua akiingia kila siku katika lango linalomwita yatima.

Fedha hiyo isishikwe na yeye, wala na mtu mmoja peke yake, hata akiwa imamu. Washike watu watatu wakaao Athi River, na mmoja wao awe mwanamke, maana wajane hawatamweleza mwanamume yaliyo ndani ya vyumba vyao. Daftari lisomwe hadharani mara moja kila miezi mitatu, majina ya wapewao yasitajwe. Na picha za watoto zisipigwe. Nimeona karatasi za michango zenye nyuso za watoto wakilia. Mtoto yule atakuwa mtu mzima, ataoa au ataolewa, na karatasi ile itakuwa bado yazunguka. Wageni nao wanaokuja wiki mbili wakacheza na watoto, wakapendwa, kisha wakaondoka wasirudi, na wafahamu kuwa mtoto aliyefiwa huhesabu kila anayeondoka.

Yeye mwenyewe na ashuke Athi River kila apitapo, hata kama ni kwa swala moja ya adhuhuri. Asipeleke zawadi kila mara. Aulize kwa majina: fulani anasoma darasa la ngapi sasa, fulani mguu wake umepona? Akiona baada ya mwaka mmoja bado anauliza, na ajue kuwa nia yake ilikuwa ni nia. Akiona hashuki tena, wakfu utakuwa umekwisha kuandikwa na wajane watalipiwa vyumba vyao pamoja na kusahau kwake.

Namna ya kuandika hati ya wakfu wa duka, sharti za mwenye kuweka wakfu, na hukumu ya jengo lenye warithi wengi ambao hawajagawana, tutaeleza katika toleo lijalo, inshaAllah. Mwenye suala juu ya kafala na alete kabla ya hapo.